Shajara ya kituo cha paani, Tanga: dhoruba za sumaku na angahewa la juu

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Antena imepanda paani leo. Tumeifunga kwenye bomba lililobaki wakati wa ujenzi wa uzio wa shule, na chini yake tumelaza kifuniko cha sufuria kubwa ya aluminiamu, kwa kuwa antena ndogo ya aina hii huhitaji bamba la metali chini yake ili isipokee mawimbi yanayoruka kutoka kwenye mabati na kufika kwa kuchelewa. Fundi aliyetuchomelea bomba aliuliza kifuniko kile kitazuia mvua gani, nami nikamweleza kuwa kinachozuiwa ni mwangwi. Alikielewa upesi, kwa sababu anafahamu jinsi sauti inavyogongana ndani ya tangi tupu la maji.

Waya umeshuka hadi maabara ya fizikia kupitia dirisha la juu, na kipokezi cha satelaiti chenye masafa mawili kimeunganishwa na kompyuta ndogo inayoandika data kwenye kadi ya kumbukumbu kila sekunde 30. Lengo la mradi ni moja. Tunataka kujua kuna elektroni ngapi kati ya paa letu na satelaiti zinazopita juu, siku hadi siku, mpaka sura ya siku ya kawaida ituingie kichwani, ili dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia unaoletwa na jua, ikija tuitambue kwa kuilinganisha na kitu tulichokwisha kukipima wenyewe. Wengi wanaosoma habari za dhoruba hizi hukutana na picha za mianga ya kijani ya Norwei au Kanada, wakadhani ni mambo ya huko kwenye ncha za dunia. Mimi nina sababu za kuamini kuwa anga la Tanga ni mahali pazuri mno pa kuzitazama, na nitazieleza humu kadiri kazi inavyoendelea.

Jumapili, 22 Septemba 2024

Kunguru wamedonoa ganda la waya karibu na bomba. Tumelizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, na tangu juzi hakuna jeraha jipya.

Wiki hii tumetoka kwenye kukusanya na kuingia kwenye kukokotoa. Mionzi ya jua ya urujuanimno hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na molekuli za hewa nyembamba iliyoko kuanzia takriban kilomita 60 juu ya ardhi, na tabaka hilo lenye elektroni huru ndilo ionosfia. Mawimbi ya redio ya satelaiti yakipita humo huchelewa, na kiasi cha kuchelewa hutegemea mambo mawili, yaani idadi ya elektroni zilizoko njiani na masafa ya wimbi lenyewe. Satelaiti ya GPS hutangaza kwa masafa ya megahezi 1575.42 na pia 1227.60. Wimbi la masafa ya chini huchelewa zaidi. Tukipima tofauti ya kuchelewa kwa mawimbi hayo mawili, tunaweza kurudi nyuma na kuhesabu elektroni.

Kizio kinachotumika ni elektroni trilioni 10,000 ndani ya nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba. Kizio kimoja cha namna hiyo huongeza takriban sentimita 16 kwenye umbali unaopimwa kwa masafa ya juu, na takriban sentimita 27 kwa masafa ya chini. Kwa hiyo kila kizio kinatupa tofauti ya sentimita kumi na nusu hivi, na hiyo ndiyo tunayoikamata. Katika miaka ambayo jua limechangamka, maeneo yaliyo karibu na ikweta ya sumaku huweza kupitisha vizio 100 wakati wa alasiri, maana yake ni kosa la mita 16 kwa simu au kifaa chochote cha masafa mamoja ambacho hakisahihishi chochote. Wanafunzi wa kidato cha tano waliiandika hesabu hii ubaoni mara mbili kwa sababu hawakuamini kwamba hewa isiyoonekana, iliyo nyembamba kuliko ombwe la chupa ya chai, inaweza kusogeza mahali pa mtu kwa mita 16.

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Sasa tuna wiki mbili kamili, na sura ya siku imeanza kujitokeza. Kiwango huwa cha chini kabisa kabla ya alfajiri, hupanda haraka jua likichomoza, hufika kileleni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, kisha hushuka taratibu. Jioni nyingi, baada ya Magharibi, mistari ya grafu ya satelaiti zilizo upande wa kaskazini huanza kutetemeka, na mara nyingine hukatika kabisa kwa dakika kadhaa.

Utetemeshi huo ni wa msimu. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, ionosfia ya ukanda wa ikweta hunyanyuliwa kwa nguvu jua linapozama. Sehemu ya chini yake hupoteza elektroni upesi na kubaki nyepesi chini ya tabaka zito, na hapo mapovu ya hewa yenye elektroni chache huchomoza kuelekea juu kama mapovu yanavyopanda ndani ya uji mzito unaochemka. Wimbi la satelaiti likipita kwenye kingo za mapovu hayo hutawanyika. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu litatutega: mtu asiyejua kuwa mistari hutetemeka jioni za kawaida za Septemba ataona utetemeshi siku ya dhoruba na kuutwika dhoruba mzigo usio wake.

Nimewachorea pia ramani ya mahali tulipo. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya kijiografia. Katika upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, mji ulio takriban digrii 9 kaskazini. Mchana, uga wa umeme wa angahewa la juu hunyanyua plazima, yaani hewa yenye elektroni huru, juu ya mstari huo, kisha plazima hiyo hushuka kwa kufuata mistari ya sumaku kuelekea kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi yanayorushwa katikati na kuanguka pembeni. Matokeo yake ni matuta mawili ya elektroni, moja kila upande, umbali wa takriban digrii 15 kutoka ikweta ya sumaku. Tanga iko digrii 5 kusini ya ikweta ya kijiografia. Ukihesabu kutoka Addis Ababa hadi hapa utapata digrii 14. Paa la maabara yetu liko chini ya tuta la kusini, mahali ambapo ionosfia ni nene kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na ambapo badiliko lolote la nguvu ya chemchemi huonekana papo hapo.

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Leo limetokea jambo ambalo si dhoruba ya sumaku, na nataka liandikwe vizuri ili lisichanganywe nayo.

Saa 9:18 alasiri mlipuko wa mwanga kwenye jua ulifika kilele chake katika kiwango cha X9.0 (X ndilo daraja la juu kabisa la milipuko hii), mkubwa kuliko wowote uliokwisha kupimwa katika mzunguko huu wa jua ulioanza Desemba 2019. Afrika ilikuwa upande wa mchana. Mzee anayetunza stoo ya maabara alikuwa na redio yake ya masafa mafupi dirishani, kama kawaida yake, akisikiliza matangazo ya mbali. Alikuja mlangoni akasema, "Mwalimu, redio imekufa, na betri ni mpya." Tukazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho: mtokoto mwembamba tu, bila kituo hata kimoja. Baada ya muda sauti zilianza kurejea moja moja, kwanza zile za masafa ya juu.

Kilichotokea ni kwamba mionzi ya eksirei ya mlipuko ilifika duniani kwa mwendo wa mwanga, dakika 8 hivi baada ya kuondoka, ikazalisha elektroni nyingi kwenye sehemu ya chini kabisa ya ionosfia, kati ya kilomita 60 na 90. Huko hewa bado ni nzito kiasi cha elektroni kugongana nayo mara kwa mara na kumaliza nguvu ya mawimbi ya redio. Mistari yetu ya satelaiti nayo ilipanda ghafla, yote kwa pamoja, kisha ikatulia. Mlipuko wa mwanga hugusa upande wa mchana peke yake, hufika bila onyo, na hupita. Dhoruba ya sumaku huletwa na maada yenyewe ya jua inayosafiri kwa siku moja hadi tatu, huizunguka dunia yote, na huweza kudumu siku kadhaa.

Baada ya kuona jinsi mstari ulivyoruka kati ya kipimo na kipimo, nilibadilisha mpangilio wa kipokezi kiandike kila sekunde moja badala ya kila sekunde 30.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Alfajiri ya leo, saa 10:56, kumetokea mlipuko wa X1.8, na umefuatiwa na wingu kubwa la plazima lililoelekea moja kwa moja duniani. Kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu kimetoa tahadhari ya kiwango cha G4, kiwango cha nne kati ya vitano. Tahadhari imekuja wakati Kimbunga Milton kikiikaribia Florida, na wahusika wa uokoaji wamejulishwa ili wasitegemee mawasiliano ya aina moja pekee.

Nimewaambia wanafunzi waangalie mwelekeo wa uga wa sumaku utakaobebwa na wingu hilo. Ukielekea kaskazini, uga wa dunia huusukuma kando na sehemu kubwa ya nguvu hupita. Ukielekea kusini, mistari ya sumaku ya jua na ya dunia huungana, na mlango hufunguka. Mwelekeo huo haujulikani kwa uhakika mpaka wingu lifike kwenye vyombo vilivyoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Kutoka hapo hadi kwetu hubakia kati ya dakika 15 na saa moja.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024, usiku

Wimbi la mshtuko limefika saa 12:15 jioni. Hiyo ni saa 37 hivi tangu mlipuko, na kwa umbali wa kilomita milioni 150 ni mwendo wa wastani unaozidi kilomita 1,100 kwa sekunde. Limefika jua likiwa linazama hapa Tanga, saa ileile ambayo ionosfia yetu huwa katika badiliko lake kubwa la siku. Uga wa sumaku umegeukia kusini, na kiwango cha G4 kimetangazwa kabla ya saa 2 usiku.

Tuko sita maabara: mimi, mwalimu wa jiografia, na wanafunzi wanne waliopata ruhusa ya mlezi wa bweni. Mistari ya satelaiti tatu za kaskazini imeanza kutetemeka. Binti anayeandika daftari ameuliza kama aandike "dhoruba imeanza kuonekana". Nimemwomba aandike saa, namba ya satelaiti na kimo chake angani, na aache nafasi mbele ya neno sababu. Jioni za Septemba zilikuwa na utetemeshi kama huu bila dhoruba yoyote.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Kadi ilijaa saa 2:40 usiku.

Nimeligundua hilo saa 1:10 asubuhi. Nilipobadilisha mpangilio kutoka sekunde 30 hadi sekunde moja nilizidisha ukubwa wa data mara 30, na sikurudi kukokotoa nafasi iliyobaki. Skrini iliendelea kuchora mistari kwa kuwa kipokezi kilikuwa kikifanya kazi. Kilichosimama ni kuandika. Tuliondoka saa 4 tukiamini kuwa kila kitu kiko salama. Saa zile ambazo uga wa sumaku wa dunia ulishuka hadi chini kabisa, takriban nanotesla 330 chini ya kawaida kwa kipimo kinachotokana na vituo vinne vya latitudo za chini na za kati, kikiwemo cha Hermanus huko Afrika Kusini, hazimo kwenye kumbukumbu yetu. Kosa ni langu, na nimewaambia wanafunzi hivyo mbele ya darasa. Nimefuta nakala za zamani zilizokwisha hifadhiwa mahali pengine, na tangu saa 1:25 asubuhi kipokezi kinaandika tena.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Leo ni Siku ya Mwalimu Nyerere na shule imefungwa, kwa hiyo nimekaa na mafaili tangu asubuhi. Vituo vya mtandao wa kimataifa wa satelaiti za upimaji viko pia Afrika Mashariki, kikiwemo cha Malindi na cha Mbarara, na data za mtandao huo ni wazi kwa yeyote anayeweza kuzichambua. Nitajaza pengo letu kwa mafaili yatakayopatikana, na nitayawekea alama ili isije ikaonekana kuwa tuliyapima sisi.

Kabla ya hapo ni lazima niandike kile tunachokitafuta, kwa sababu dhoruba hufika kwenye ikweta kwa njia mbili, na njia hizo hupingana.

Njia ya kwanza ni ya umeme. Mlango wa sumaku ukifunguka, uga mkubwa wa umeme huzuka juu ya maeneo ya ncha za dunia, na kabla mfumo wa sumaku haujapata muda wa kujikinga, sehemu ya uga huo hupenya hadi ikweta ndani ya dakika chache. Upande wa mchana na jioni huelekea mashariki, na huzidisha nguvu ya chemchemi niliyoieleza: plazima hunyanyuliwa juu zaidi, matuta hujaa na kusogea mbali na ikweta. Upande wa usiku huelekea magharibi na kuikandamiza plazima chini. Kwa hiyo dhoruba ileile, saa ileile, inaweza kuongeza elektroni juu ya nchi moja na kuzipunguza juu ya nyingine, kutegemea jua liko wapi. Sisi tulikuwa kwenye mpaka wa jua kuzama, ambako uga wa kawaida wa jioni na uga wa dhoruba huweza kuvuta upande mmoja.

Njia ya pili ni ya upepo, na ni ya polepole. Mikondo ya umeme inayomiminika kwenye maeneo ya mianga ya ncha hupasha joto hewa iliyo juu ya kilomita 100, kama waya mwembamba unavyopata moto ukipitishwa umeme mwingi. Hewa hiyo hutanuka na kusukuma mawimbi makubwa kuelekea ikweta kwa mamia ya mita kwa sekunde. Tukichukua mita 600 kwa sekunde na umbali wa kilomita 7,200, yaani kutoka latitudo ya 65 hadi ikweta, mawimbi ya kwanza yatafika baada ya saa 3 na dakika 20. Nyuma yake huja upepo wenyewe, na mzunguko wa dunia huupinda kuelekea magharibi. Upepo huo ukiikokota plazima ndani ya uga wa sumaku hufanya kazi ya dainamo, na umeme unaozaliwa huwa kinyume cha ule wa kawaida: mchana huikandamiza chemchemi badala ya kuisukuma. Ndiyo sababu siku inayofuata dhoruba, tuta la elektroni linaweza kuwa limeliwa, na jioni yake inaweza kupita bila mapovu hata kama ni msimu wa mapovu.

Kuna athari ya tatu, ya kikemia. Hewa iliyopashwa joto hubeba molekuli za naitrojeni kutoka chini na kuzipandisha mahali ambapo kwa kawaida atomu za oksijeni ndizo nyingi. Ayoni za oksijeni zikikutana na molekuli hizo hubadilika na kuungana tena na elektroni haraka zaidi, na ionosfia hupungua, hasa kwenye latitudo za kati. Tukio moja la jua, basi, huongeza na kupunguza. Msomaji anayeuliza kama dhoruba "huongeza elektroni au huzipunguza" ameuliza swali lisilo na jibu mpaka ataje mahali na saa.

Jumapili, 20 Oktoba 2024

Tarehe 15, mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kuwa jua limeingia rasmi katika kipindi cha kilele cha mzunguko wake. Mradi wetu, kwa bahati njema, umeanza wakati unaofaa.

Somo la Jumamosi lilihusu hewa yenyewe badala ya elektroni. Elektroni ni sehemu ndogo sana ya angahewa la juu. Hata katika kimo cha kilomita 300, atomu na molekuli zisizo na chaji ni nyingi mno kuzizidi. Hewa hii isiyo na chaji, iitwayo themosfia, ndiyo inayozikokota satelaiti. Ikipashwa joto hutanuka kwenda juu, na satelaiti iliyokuwa ikielea kwenye hewa nyembamba hujikuta, bila kusogea, ndani ya hewa nzito zaidi.

Mfano ambao wanafunzi waliushika ni wa Februari 2022. Tarehe 3 mwezi huo kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink kutoka Florida na kuziacha kwanza kwenye njia ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa kilomita 210 tu kutoka ardhini, zikaguliwe kabla ya kupanda. Siku iliyofuata ilikuja dhoruba ya sumaku. Haikuwa kubwa, bali ya kiwango cha chini kabisa kwenye mizani ya G. Kampuni ilieleza kuwa ukinzani wa hewa uliongezeka kwa hadi asilimia 50 kuliko katika urushaji uliotangulia. Satelaiti ziligeuzwa zikate hewa kwa ubavu, kama mtu anavyoshika karatasi wima kwenye upepo, lakini 38 kati yake hazikuweza kupanda tena, zikaungua angani. Dhoruba ndogo ilitosha kwa sababu zilikuwa chini sana na zilikuwa bado hazijajiinua.

Kijana mmoja aliuliza swali lililonifurahisha: kama dhoruba hupasha joto hewa, mbona hewa haibaki na moto huo siku nyingi? Jibu ni kwamba dhoruba hutengeneza dawa yake. Joto na chembe zinazonyesha kwenye maeneo ya ncha huzalisha nitriki oksaidi kwa wingi, na gesi hiyo hutoa nguvu kwa mionzi ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa maikromita 5.3, ikiitupa nje angani. Chombo kilichoko kwenye satelaiti ya TIMED, iliyorushwa Desemba 2001, kimekuwa kikiupima mwanga huo kwa zaidi ya miaka 20. Dhoruba ikiwa kali, gesi nayo huwa nyingi, na upoaji huenda haraka. Mara nyingine themosfia hupoa kupita kiasi ilichokuwa nacho kabla ya dhoruba.

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mpima ardhi mmoja wa hapa mjini, mzazi wa mwanafunzi wetu, amekuja kuona kituo. Anatumia vipokezi viwili, kimoja kikisimama kwenye alama inayojulikana na kingine kikitembea kutafuta mipaka ya viwanja. Alisema kuna nyakati kifaa chake hukataa kushika kwa usahihi wa sentimita hata mahali peupe. "Mwalimu, nimekata matawi ya mwembe wa watu bure," alisema.

Nilimwonyesha grafu za Septemba. Kazi yake inasimama juu ya dhana kuwa vipokezi viwili vinaona ionosfia ileile, hivyo makosa yakitoana hufutika. Chini ya tuta la ikweta, kilomita chache tu zinaweza kuleta tofauti, na siku ya dhoruba tofauti hiyo hukua. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei mwaka huu, iliyofika G5 kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, iliwakuta wakulima wa Marekani katikati ya msimu wa kupanda mahindi, na matrekta yanayojiongoza kwa satelaiti yalipoteza mistari yake. Mwaka 2003, wakati wa dhoruba za mwisho wa Oktoba, huduma ya Marekani ya kuongozea ndege kwa satelaiti ilishindwa kutoa vipimo vya kimo vya kuaminika kwa saa nyingi. Nilimshauri asipime alama muhimu baada ya jua kuzama katika miezi hii, aangalie kipimo cha Kp, yaani namba ya 0 hadi 9 inayoonyesha msukosuko wa sumaku ya dunia, kabla ya kutoka, na kila kona aipime mara mbili kwa saa tofauti. Alinakili mambo hayo nyuma ya kitabu chake cha kazi, akaniomba nimtumie ujumbe siku tahadhari ya G3 au zaidi ikitolewa. Tumekubaliana.

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Kadi mpya ina nafasi mara nane ya ile ya kwanza. Kompyuta sasa huandika nafasi iliyobaki kwenye kona ya skrini, na mwanafunzi wa zamu huinakili daftarini kila asubuhi saa 1 kabla ya kengele ya mstarini. Kipimo cha sekunde moja tumekiacha kwa saa za jioni pekee, kuanzia saa 12 hadi saa 6 usiku. Muda mwingine ni sekunde 30.

Mstari wetu wa kulinganishia umekamilika. Kwa kila saa tumechukua thamani ya kati ya siku 27 zilizotangulia, kwa sababu jua huchukua takriban siku 27 kujizungusha mbele ya macho yetu, na hivyo sura zake zote huingia kwenye hesabu. Siku zenye Kp ya 4 au zaidi tumeziondoa. Tarehe 11 Oktoba, kuanzia saa 1:25 asubuhi, imewekwa juu ya mstari huo kwa rangi nyekundu, na pengo la usiku limeachwa jeupe na saa zake mbili zimeandikwa pembeni, 2:40 na 1:25. Mafaili ya vituo vingine yatachorwa kwenye karatasi ya pili, kwa kuwa yametoka chini ya anga jingine la tuta hilihili.

Kp jioni hii ni ndogo na hakuna tahadhari. Saa 2:05 usiku satelaiti moja ya kaskazini, ikiwa kimo cha digrii 35, imeanza kutetemeka, ikakatika dakika nne, ikarudi. Binti wa zamu ameandika saa, namba na kimo. Mbele ya neno sababu, safari hii bila kuniuliza, ameandika: povu la kawaida, siku tulivu.